Kazi ya Delahunt

Kilbrannock, Tipperary
Machi 7, 1988

Colman,

Salamu utaniwia radhi, leo sina. Asubuhi hii nimepanda ghorofa ya juu kule jumbani na ndoo yangu na tambara langu, nikafungua chumba alicholala Mama enzi za ujakazi wake. Kitanda kipo. Beseni la kunawia lipo. Kile kikabati chenye kioo kilichopasuka kipo. Kiti hakipo! Nikajua ni wezi. Nikashuka mbio hadi kwa Bibi Harkness, namkuta anakunywa chai yake bila wasiwasi, ananiambia, "Ah, kiti kimekwenda Dublin, Assumpta, kwa mdogo wako. Hakukwambia?"

Hakuniambia! Mdogo wangu niliyembeba mgongoni anapokea kiti cha mama yetu kwenye karakana yake, na mimi habari naipata kwa mwenye jumba, nimesimama na ndoo mkononi kama zuzu.

Haya, sikiliza kinachoendelea huku. Zamani wageni walikuwa wanaoneshwa ukumbi na meza kubwa na picha za mababu wenye pua ndefu. Sasa eti wanataka kuona mahali wajakazi walipolala. Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka vyumba vya juu vinafunguliwa, na padri atakuwepo, na keki. Vile vitu ambavyo akina Mama walitupiwa kwa sababu vilivunjika na havikufaa tena kukaliwa na mabwana, leo vimekuwa vitu vya kale, havishikwi bila glavu. Nilipoona hizo glavu nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama alikuwa anaanikia soksi juu ya kiti kile.

Na Mama atakuwepo siku hiyo. Tangu Baba afariki hajamwomba mtu kitu, ila safari hii ameomba. Abebwe apandishwe zile ngazi, akalie kiti chake, ashike ule mguu mweupe. Unaujua. Miguu mitatu myeusi ya mahogani, na wa nne aliuchonga Baba kwa mti wa ash, uleule tunaochongea magongo ya mchezo wetu wa hurling. Bibi Harkness ananiambia fundi atakirudisha kiti "kama kilivyokuwa". Kama kilivyokuwa lini? Kilipokuwa cha nani?

Usiuguse mguu huo, Colman. Nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa.

Dada yako,
Assumpta


Dublin
Machi 12, 1988

Dada Assumpta,

Umechelewa. Mguu nilishautoa kabla barua yako haijafika, na umekwenda kwenye jiko ninalochemshia gundi. Ulikuwa mkavu. Uliwaka vizuri.

Kabla hujaanza kupiga kelele, nisikilize na mimi. Kiti kile kilitengenezwa miaka mia mbili iliyopita na mtu aliyejua anachokifanya. Kukibandika mguu wa gongo la hurling ni kama kumvalisha askofu buti za zizini. Bibi Harkness aliniomba nikitengeneze, nami nikakubali kwa furaha, na nitakwambia kwa nini, maana naona wewe umesahau tulivyokua.

Mimi sijasahau. Parokia nzima, kitu kikivunjika mara ya pili watu walisema nini? "Kazi ya Delahunt." Kamba ya kiatu ikikatika, kazi ya Delahunt. Daraja likizolewa na mto, kazi ya Delahunt. Mwalimu alisema hivyo darasani huku ananitazama mimi, na darasa zima likacheka. Jeremy Looby, wa darasa letu, aliutungia msemo huo wimbo. Nilikuwa nampiga, ananipiga, narudi nyumbani na pua inavuja damu, na Baba ananitazama tu, hasemi kitu. Alijua! Mzee mzima alijua wanavyomsema, na alinyamaza kama ng'ombe kwenye mvua.

Na yote kwa sababu ya kiti hicho. Alikuwa seremala wa ndani ya jumba, mtu wa heshima. Bi Tuthill, yule msimamizi wa wajakazi, akamwita akitengeneze. Akakitengeneza, kikavunjika. Akaitwa tena, kikavunjika tena. Mwisho wakamwondoa ndani, wakampa mageti na vigingi vya malisho, na akafa akipiga misumari kwenye uzio wa ng'ombe. Kiti kimoja kilimshinda! Nimekifungua sasa, nimeona kwa macho yangu. Kiungio kimebomoka kikagundishwa, kikabomoka kikagundishwa. Upande wa ndani kuna mabonyeo, kana kwamba mtu alikuwa anapiga nyundo gizani. Hiyo ndiyo kazi unayotaka niitunze kama masalia ya mtakatifu?

Mimi nilijifunza ufundi ili jina letu lisichekwe. Hapa mtaani mtu akisema kazi ya Delahunt, anakusudia kitu kingine kabisa. Kiti hicho kitasimama mbele ya watu na kadi yenye jina langu, na hakitasimama kwa mguu ule.

Mwambie Mama atakipenda. Pasaka siji, nina kazi nyingi.

Colman


Kilbrannock
Machi 16, 1988

Colman,

Uliwaka vizuri! Umeandika hivyo kwa mkono wako mwenyewe, ukatia na nukta. Mungu akusamehe kwanza, mimi nitafuata baadaye, kama nitafuata.

Barua yako nilimsomea Mama, maana macho yake siku hizi ni ya kuonea mwanga tu. Nilikusudia kuruka pale pa jiko. Haikuwezekana. Yule mama akisikia sauti yangu inajikwaa anajua. "Rudi nyuma," akasema, "umeruka kitu." Nikasoma. Akaweka kikombe chini taratibu sana, nikaogopa. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia kabisa: "Hayo mabonyeo, amesema yapo upande gani?"

Nikamwambia, ndani.

"Kweli fundi huyo," akasema. "Ameyaona."

Na hapo ndipo aliponiambia, Colman, jambo ambalo sijawahi kulisikia na umri wangu huu. Shika kiti, hicho ulichokiharibu, ukae.

Kule juu kwa wajakazi mwanamume hakuwa na ruhusa ya kupanda. Mlango wa ngazi ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Bi Tuthill mchana na usiku. Walioruhusiwa ni watatu: padri kama kuna anayekufa, daktari kama kuna mgonjwa, na seremala kama kuna kilichovunjika. "Na mimi sikuwa mgonjwa," anasema Mama, "wala sikuwa na nia ya kufa."

Baba alipanda mara ya kwanza kwa sababu kile kiti kilitupwa juu kikiwa na miguu mitatu. Akachonga huo wa nne palepale, alasiri nzima, Bi Tuthill anapita anachungulia. Mama anasema walizungumza habari za mvua na habari za mbwa fulani aliyekuwa anachechemea. Basi. Akafunga vyombo vyake akaaga. "Hakusema neno la maana hata moja, bwege yule," anasema Mama. "Sasa angerudi vipi?"

Akakivunja.

Ndiyo, Mama yetu! Alikivunja kwa chuma cha kuchokolea moto. Akakisukumiza pale kwenye kiungio akakandamiza kwa nguvu zake zote, na hakikuachia. Ikabidi Lil Cody, aliyekuwa analala naye chumba kimoja, akikalie ili kisiruke. Walitoka jasho wote wawili. "Mwambie mwanangu," anasema, "kazi ya baba yake haikuwa ya kuvunjika. Ilivunjwa, tena kwa shida." Baba akaitwa. Safari ya pili akazungumza habari ya mama yake. Mama akakivunja tena. Safari nyingine akazungumza habari za kipande cha shamba alichokuwa anakitolea macho. Ukiona vyaelea, vimeundwa, Colman, na wewe na mimi tumeundwa kwa chuma cha moto.

Bi Tuthill yeye alichoona ni seremala asiyejua kazi. Akaenda kwa msimamizi wa shamba, na Baba akaondolewa ndani. Mama alitaka kusema ukweli siku hiyohiyo. Baba akamkataza. Mama angefukuzwa bila barua ya sifa ya kuombea kazi kwingine, na msichana aliyemwita mwanamume juu kwa hila, kwa wakati ule, unajua watu wangemwita nani. "Waache waiseme mikono yangu," Baba akamwambia. "Wewe wasikuseme." Wakaoana, na akabeba hilo neno miaka yote hadi kaburini.

Nami nilikasirika, nakwambia. Nilimkasirikia hata yeye. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Lakini wewe! Baba alikubali kuwa kichekesho cha parokia kwa ajili ya mguu ule, na wewe umeutia jikoni gundi yako ichemke. Endelea kunikalia huko na wateja wako. Mama halali vizuri tangu jana.

Assumpta


Dublin
Machi 24, 1988

Dada,

Nilipoisoma barua yako nilisema ni hadithi tamu ya mjane. Kisha nikaenda kwa jirani nikaazima chuma cha kuchokolea moto, cha zamani, chenye ncha ya mraba. Nikakiweka kwenye yale mabonyeo. Kinaingia sawasawa, kama mguu na kiatu chake. Nyundo haiachi alama ya namna hiyo, na ningeliona hilo siku ya kwanza kama nisingekuwa na haraka ya kumlaumu mtu. Na ile gundi ya Baba, niliyoisema vibaya, haikuachia popote. Ubao ndio uliopasuka pembeni ya gundi.

Kwa hiyo naamini. Usidhani nimelainika. Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo.

Alikuwa ananiosha uso, Assumpta. Narudi kutoka shule na damu puani, ananikalisha kwenye kigoda karibu na jiko, ananiosha kwa maji ya chumvi, ananiuliza leo nini tena. Namwambia, "Wanasema Baba hajui kazi." Na yeye anakamua kitambaa, anaendelea kuniosha. Anaendelea tu! Neno moja lingetosha. Wakati huo walishaoana, Bi Tuthill alishazikwa, tulishazaliwa wote wawili. Jina gani lilikuwa limebaki la kulindwa? Mimi nilikuwa mtoto, ningeweza kutunza siri, na ningetembea na kichwa juu.

Badala yake nimemdharau baba yangu. Nilisikia haya kutembea naye sokoni. Alipotaka kunifundisha kushika randa nilimwambia nitafundishwa na mtu anayejua, nikaja huku Dublin. Alicheka kidogo akairudisha randa mahali pake. Siku ya maziko yake nilifika kanisani, nikaondoka kabla watu hawajanywa chai. Hiyo siku nani atanirudishia? Mama?

Kiti kitafika kwa gari Alhamisi Kuu kikiwa na miguu minne ya mahogani. Ni kazi safi, hakuna atakayejua upi ni mpya. Ule wa zamani ni majivu, na hakuna Pasaka ya kuufufua. Mimi siji. Na yeye asiniandikie.

Colman


Kilbrannock
Aprili 5, 1988

Colman,

Ulisema Mama asikuandikie, hukusema mimi. Nakuandikia ujue kilichotokea jana, kabla hujakisikia kwa mtu mwingine, maana nusu ya Tipperary imeshakisikia.

Mama alivaa koti lake la buluu. Waliombeba kumpandisha ngazi ni vijana wawili wa klabu ya hurling, na aliyetangulia mbele akitoa amri, "Taratibu kwenye kona, taratibu," ni nani kama si Jeremy Looby. Siku hizi ni mwenyekiti wa klabu na ana tumbo kama pipa. Chumba kikajaa watu mpaka kwenye korido. Bibi Harkness, glavu mikononi, akamruhusu Mama akalie kiti, eti kwa siku ile moja.

Akakaa. Akaushusha mkono akapapasa mguu wa mbele wa kulia. Akapapasa wa kushoto. Akainama akapapasa ya nyuma, mmoja na mwingine, kama mtu anayetafuta senti iliyoanguka. Alijua, nilishamwambia haupo, lakini mkono ulitaka kuhakikisha. Mimi nilitazama dirishani. Kama ungekuwa pale ningekutupa nje kwa dirisha hilo.

Bibi Harkness akasoma hotuba. Kiti hiki, akasema, kiliharibiwa miaka mingi iliyopita na seremala wa kijijini asiyekuwa na ujuzi, lakini leo kimerudishiwa heshima yake na mtoto wa hapahapa. Akatabasamu, akanyoosha mkono. "Kazi ya Delahunt!"

Maskini, hakujua. Ila wengine wote walijua, na kicheko kikatoka huko nyuma, kile kicheko unachokijua, na Looby ndiye aliyekianzisha.

Mama akasimama. Peke yake, Colman. Akaichukua fimbo yake, ile ya hospitali, akageuka, akaichomeka pale mguu unapokutana na kiti, akaikandamiza kwa mwili wake wote. Bibi Harkness akapiga yowe. Padri akasema, "Nonie, Nonie, mama, tafadhali." Mama hakusikia padri wala nani. Akakandamiza tena, na pakalia pa! Fimbo ikakatika vipande viwili, na yeye akaanguka chali kitandani kwake, juu ya ile shuka ambayo mtu haruhusiwi kuigusa.

Kiti hakikutikisika.

Nilikimbia nikadhani ameumia. Kumbe anacheka. Halafu akaacha kucheka, akainuka akakaa, na sauti iliyotoka hapo sijawahi kuisikia kwake. "Jeremy Looby! Njoo ukivunje wewe, una nguvu. Huji? Basi nisikilize. Kiti hiki nilikivunja mimi, si Mossie Delahunt. Nilikivunja kwa chuma cha moto, msichana mwingine amekikalia, kwa sababu nilimtaka seremala na hapakuwa na njia nyingine ya kumpandisha. Mama yako aliwangoja wanaume dansini, Jeremy, mimi nilivunja viti. Mume wangu hakuwahi kufunga kiungio kibovu maisha yake yote, na ninyi mmemcheka mpaka akafa, na mtoto wangu mkamvunja pua, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza! Mimi nilikuwa mwoga na ninyi mlikuwa wajinga. Sasa cheka. Nakusubiri, cheka."

Hakuna aliyecheka. Looby alivua kofia. Akashuka ngazi, na nasikia hakugusa hata keki. Bibi Harkness alivua glavu zake moja moja, akaikunja ile hotuba, akaketi kitandani kando ya Mama bila kuombwa. Akasema, "Bi Delahunt, kadi hiyo nitaiandika upya. Niandike nini?" Mama akamwambia aandike kwamba hapa aliishi msichana aliyejua anachokitaka.

Mimi bado nina hasira na wewe kwa ajili ya ule mguu, usifikiri yameisha. Lakini nilikiona kile kiti kilivyosimama. Nilikiona, na nililia kwa hasira hadi pua ikafura.

Nimeweka humu ndani karatasi yake. Nilitaka kumwandikia mimi, akakataa, ameandika mwenyewe kwa kupapasa, na macho yale, na amechukua asubuhi nzima. Usipoisoma nitajua.

Assumpta


Jumanne

Mwanangu Colman,

Naambiwa umekataza nisikuandikie. Nimekuzaa, nitaandika.

Una haki ya hasira yako, sikuombi uiache. Kwanza niliogopa. Baadaye nikazoea, na mazoea ni mabaya kuliko woga. Baba yako alisema ukikua atakwambia mwenyewe, mkiwa kazini wawili, kila mmoja na randa yake. Akangoja. Ukakua ukaondoka. Ile randa ameiacha imetiwa mafuta, ipo kwenye kabati la nyuma.

Nilipokuosha uso nilitaka kusema kila siku. Kila siku. Nikakamua kitambaa.

Jana nilijaribu kuivunja kazi yako nikashindwa. Ya baba yako niliiweza nikiwa na umri wa miaka ishirini na Lil Cody juu yake. Sasa sina fimbo, nimekaa kitandani, siwezi kufika hata mlangoni, na Assumpta ananibeba kama gunia huku ananung'unika.

Nataka fimbo ya ash, nyeupe. Usiitume kwa posta. Seremala huitwa akaja na vyombo vyake akapima, ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Ikiwa fupi nitaivunja. Ikiwa ndefu nitaivunja. Ikiwa sawasawa nitaivunja vilevile.

Mama yako,
Nonie Delahunt